Mlango wa Mbele wa Maktaba ya Pinder Creek

Tangazo la kwanza ambalo Orville Brekke alilisoma peke yake maishani mwake, bila mtu wa kumnong'oneza, lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa nyuma wa maktaba yetu. Lilisema maktaba imefungwa.

Alilirudia akidhani amekosea. Ilikuwa Jumanne asubuhi, Septemba inaisha, majani ya miti ya kando ya mto yameshaanza kugeuka manjano, ile miti mirefu ambayo wazee wetu waliipanda na mpaka leo hatukubaliani inaitwaje. Alikuwa amekuja darasani. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, amekamua ng'ombe tangu utotoni, na siri ya kwamba hajui kusoma ilijulikana na watu watatu tu. Wa kwanza alikuwa mkewe, Lorraine, ambaye tulikuwa tumeshamzika. Wa pili alikuwa mdogo wake, Verna. Wa tatu ni Imogene Raddatz, mkutubi wetu, aliyekuwa akimfundisha kila Jumanne katika chumba cha nyuma, katikati ya vikaragosi vya saa ya hadithi ya watoto na makopo ya mbegu.

Chini ya tangazo palikuwa na sahihi ya Verna.

Imogene alimfungulia kutoka ndani. Macho yake yalikuwa mekundu, si kwa kulia bali kwa kukosa usingizi.

"Umeliona?"

"Nimelisoma," Orville akasema.

Imogene akacheka bila kutaka. "Basi angalau limefaa kwa kitu. Ingia, tuna kazi."

Verna Tollefson ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la mji, na hatukumchagua kwa bahati mbaya. Ni mwanamke mwenye bidii, asiyechelewa, asiyesahau. Boila ya maktaba, mtambo wa kulipasha jengo joto, ilipojaribiwa kabla ya baridi ikakataa kuwaka, yeye aliwaambia wenzake barazani kwamba jengo lifungwe mpaka theluji iyeyuke, kisha tutaona. Sisi wa Pinder Creek tunaijua hiyo "tutaona". Tuliambiwa hivyo kuhusu stesheni ya reli, na leo pale pana magugu. Tuliambiwa hivyo kuhusu shule ya sekondari, na leo watoto wetu wanapanda basi gizani kwenda kusoma mji wa jirani na kuchezea timu ya mpira ambayo baba zao walikuwa wakiizomea.

Na majira hayo ndiyo yaliyokuwa ya maktaba. Kiangazi watu wako ziwani, baridi ikikaza kila mtu anajifungia kwake, lakini majani yanapopukutika mji mzima ulikuwa unapita pale: mashindano ya pai za tofaa, kuchonga maboga, kubadilishana mbegu, mzee wa popo anayekuja na popo wake kwenye sanduku. Mwisho wa Oktoba kulikuwa na Jioni ya Sauti, ambapo yeyote anayetaka husimama mbele ya watu akasoma ukurasa mmoja wa kitu anachokipenda. Bila kumwambia mtu isipokuwa Imogene, Orville alikuwa amejiandaa kwa Jioni ya Sauti tangu masika.

Imogene alikwenda ofisini kwa Verna siku hiyohiyo.

"Funga jengo," alimwambia. "Shughuli zangu niachie."

"Imogene, mpenzi, shughuli zinafanyikia kwenye jengo."

"Zilikuwa zinafanyikia kwenye jengo."

Verna alivua miwani. "Usinianzishie vita. Nimefanya hesabu usiku na mchana. Kuna barabara, kuna maji, kuna gari la zimamoto ambalo halipandi kilima. Watu wangapi wanaingia humo siku hizi? Sema ukweli."

"Wanaoingia wewe huwaoni," Imogene akasema, "kwa sababu wewe huingii."

Hakuweza kusema zaidi ya hapo. Siri haikuwa yake.

Alirudisha funguo kama alivyoagizwa, akasema asante, na Jumamosi iliyofuata mashindano ya pai yalifanyika kwenye ngazi za mbele za maktaba iliyofungwa. Watu walikuja na makoti na viti vya kukunja. Pai zilipangwa juu ya ukuta mfupi wa mawe, zikitoa mvuke kwenye ubaridi, na washindani wakagombana kuhusu mdalasini kama kila mwaka. Verna alipita na gari taratibu, akaangalia, akaendelea.

Jumatatu Imogene alipata taarifa kwamba amesimamishwa kazi, na kwamba ngazi, bustani na nyasi za maktaba ni mali ya mji na hazitumiki bila kibali cha baraza.

"Vizuri," alisema kwenye duka la vyakula vya mifugo, watu wote wakisikia. "Kazi ilikuwa inanipotezea muda."

Kuanzia hapo ilikuwa kama kumfukuza kuku uwanjani. Maboga yalichongwa nyuma ya pikapu zilizoegeshwa barabara kuu, kwa sababu barabara kuu ni ya jimbo na baraza la mji haliwezi kumtoa mtu pale. Saa ya hadithi ilihamia mahali pa kufulia nguo, watoto wamekaa juu ya mashine zinazotetemeka, mama zao wakikunja mashuka. Popo walionyeshwa kwa kinyozi. Mbegu zilibadilishwa ndani ya ukumbi wa bolingi, mipira ikinguruma upande wa pili, na mtu mmoja ambaye hajawahi kukanyaga maktaba aliondoka na maharage ya zambarau na azimio la kuyapanda. Kila mahali Imogene alitundika karatasi ileile ya ratiba, chini ameandika kwa kalamu nene: BADO TUPO.

Orville aliendelea na darasa lake jikoni kwa Imogene. Alikuwa akisoma kitabu cha kutunza ng'ombe wa maziwa ambacho baba yake alikiacha. Kilikuwa kwenye rafu ya nyumba yake maisha yake yote, na kila kilichomo alikuwa amekifanya kwa mikono bila kujua kimeandikwaje.

"Kuna mambo mawili nilikuwa nakosea," alimwambia Imogene siku moja, kwa huzuni ya kweli. "Miaka yote hiyo. Ng'ombe walinivumilia tu."

"Umechagua ukurasa?"

"Wa ndama anayezaliwa kwenye baridi."

"Mzuri. Basi sikiliza. Jioni ya Sauti nimeiweka kwenye ukumbi wa bolingi. Kuna joto, kuna kahawa, watazima mashine kwa muda."

Orville alifunga kitabu. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Mimi nimeingia kwa mlango wa nyuma mwaka mzima, Imogene. Kofia usoni, naangalia huku na huku kama mwizi wa mayai. Kama nitasoma mbele za watu, nitasomea mlango wa mbele wa maktaba. Kama si hapo, sisomi."

"Verna atakuja na polisi."

"Aje naye. Curtis namjua."

"Orville, Jioni ya Sauti ni Alhamisi."

Alijua ni Alhamisi. Kila Alhamisi Verna alikwenda kwake jioni na chakula kwenye bakuli la kioo, akakaa mezani akafungua barua zake na kumsomea moja baada ya nyingine: ya benki, ya daktari, ya ushirika wa maziwa, kadi za Krismasi. Alianza siku chache baada ya mazishi ya Lorraine na hakuwahi kukosa, hata theluji ilipofunika njia. Hakuwa na habari ya Jumanne. Orville hakumwambia, na si kwa aibu tu.

"Atakwenda kwangu atakuta hakuna mtu," akasema. "Basi atajua pa kunitafuta."

Alhamisi ile ilikuwa na mvua inayotaka kuwa theluji na haijaamua. Saa kumi na moja jioni, mwanga bado upo, watu walianza kusimama kwenye ngazi. Hatukuwa wengi mwanzoni. Wengine walibaki ndani ya magari wakichungulia, injini zinawaka, maana ni jambo moja kula pai pale na ni jambo jingine kurudi pale baada ya kukatazwa kwa maandishi. Imogene alisimama kwenye ngazi ya juu, mgongo wake kwenye mlango uliofungwa, mwavuli mkononi.

"Walio kwenye magari," alisema kwa sauti yake ya saa ya hadithi, "mnaonekana. Vioo si ukuta. Shukeni."

Milango ikaanza kufunguka.

Mwalimu mmoja mstaafu alisoma shairi alilomwandikia mbwa wake. Msichana wa duka la dawa alisoma maelekezo ya bibi yake ya kutengeneza kabichi ya kuchachusha, tukacheka, kwa sababu bibi huyo alikuwa ameweka matusi humo kwa ajili ya dada yake. Ndipo gari la polisi likaingia, na nyuma yake gari la Verna.

Curtis Mauer ndiye polisi wetu, na hatuna mwingine. Alishuka akivuta suruali juu, uso wake ukionyesha wazi kwamba angependa kuwa popote isipokuwa hapo.

"Bi Raddatz," akasema, "mnajua hii ngazi haitakiwi kutumika."

"Curtis, umejifunzia kusoma kwenye hii ngazi. Ulikuwa unakula mchanga, nikakufuta mdomo, nikakufundisha herufi."

"Najua, Bi."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Nataka mtawanyike kwa hiari yenu," Curtis akasema, na kwa sauti ya chini akaongeza, "au mmalize haraka."

Verna alifika akiwa na lile bakuli la kioo mkononi, limefunikwa kwa taulo. Nadhani alikuwa amesahau kwamba amelishika. Alikuwa ametoka kwa kaka yake, ameingia akakuta nyumba tupu, amezunguka zizi lote akimwita, na hofu ilikuwa bado usoni pake. Alimwona kati ya watu, hofu ikageuka hasira.

"Orv. Unafanya nini hapa? Nimekutafuta mpaka kwenye shimo la silo la chakula cha ng'ombe. Panda gari twende nyumbani, utaumwa."

"Zamu yangu imefika," Orville akasema.

"Zamu ya nini?"

Orville alipanda ngazi, mkono mmoja kwenye reli, akageuka akatuangalia. Hatukujua bado tunachotarajia. Tulijua tu kwamba Orville Brekke si mtu wa kuzungumza mbele za watu, hata harusini kwake alitikisa kichwa tu akaketi.

"Mimi sikuwa najua kusoma," alisema. "Baba alipoumia mkono kwenye mashine ya mahindi, mtu mmoja ilibidi aache shule akamue. Nikawa mimi. Baadaye nikaona aibu, na aibu ikikaa sana inakuwa kama samani, unaizunguka tu. Lorraine alinisomea. Alipofariki nikaja hapa. Nimefundishwa nyuma ya mlango huu. Mtu anayesema hakuna anayeingia humu, nilikuwa naingia mimi."

Akafungua kitabu cha ng'ombe. Imogene alisogeza mwavuli juu ya ukurasa, si juu ya kichwa chake.

Alisoma polepole sana. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akilijaribu kila moja kabla ya kulitegemea. Ndama akizaliwa kwenye baridi, usimwache kwenye majani mabichi. Mfute kwa gunia kavu, kwa nguvu, ili damu itembee. Mpe maziwa ya kwanza ya mama yake kabla hayajapoa. Kama masikio yake ni ya baridi, mlete ndani ya nyumba, hata jikoni. Wafugaji tuliokuwa pale tulikuwa tunaijua kila kauli, na bado tulibana pumzi.

Akakwama.

"Angalia," alisoma, "angalia ha... hali..."

Matone yalikuwa yanagonga mwavuli. Kidole chake kilikuwa kimesimama chini ya neno.

"Hali... halij..."

"Halijoto," Verna akasema kutoka chini. Hakukusudia ubaya. Ulikuwa mdomo wake tu, mdomo uliozoea.

Orville aliinua kichwa. "Usinisaidie, Verna."

"Nilikuwa..."

"Najua. Usinisaidie. Nitafika mwenyewe."

Akarudi mwanzo wa mstari, si wa neno. Alianza upya, sauti yake ikiwa imepanda kidogo. Angalia ha-li-jo-to ya ndama kila saa mpaka asimame. Aliposema "asimame" alipumua, akasoma mistari iliyobaki mpaka nukta ya mwisho, na nukta yenyewe karibu aisome. Kisha akafunga kitabu akakiweka ndani ya koti.

Hatukupiga makofi mara moja. Curtis ndiye aliyeanza, akiwa amevaa glavu, makofi yake yakitoa sauti ya mtu anayepiga mto wa kulalia. Wengine wakafuata, na honi za magari zikafuata, mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka.

Verna hakupiga makofi. Aliliweka bakuli juu ya ukuta wa mawe na kurudi kwenye gari lake. Orville alimfuata. Nilikuwa nimesimama karibu, dirisha lilikuwa wazi, na hawakujali nani anasikia.

"Kila Alhamisi," Verna alisema akiangalia mbele. "Nimekuja kila Alhamisi. Na wewe umekaa pale ukisikiliza, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua kidogo. Sasa najua zaidi."

"Umenifanya mjinga mbele ya mji wangu."

"Sikukufanya chochote. Nimesoma kuhusu ndama."

"Ungeniambia. Ningekufundisha mwenyewe."

Orville aliweka mkono juu ya paa la gari. "Nilikuomba, Verna. Mwaka ule uliporudi kutoka chuo. Nilikusubiri kwenye veranda, nimevaa shati safi. Ukasema, 'Ya nini, Orv? Mimi si nipo?'"

Verna aliutazama usukani. Sidhani alikuwa anakumbuka. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza, kwamba kwake lilikuwa neno la kupita na kwa kaka yake lilikuwa maisha mazima.

"Nilimaanisha vizuri," alisema mwishowe.

"Najua ulimaanisha vizuri. Lakini fungua maktaba."

"Sifungui maktaba kwa sababu umenililia."

"Sijalia," Orville akasema. "Na sikuombi kama ndugu yako. Nakuambia kama mtu wa mji huu. Tutaonana barazani."

Verna aliwasha gari akaondoka. Alhamisi iliyofuata hakwenda kwa kaka yake, wala ile nyingine.

Kikao cha baraza cha Novemba kiliangukia juma la kwanza la msimu wa kuwinda kulungu, wakati ambao mwaka mwingine usingepata watu wa kujaza meza moja. Safari hii ukumbi ulijaa makoti ya wawindaji ya rangi ya chungwa, wanaume wametoka porini moja kwa moja na matope kwenye buti. Imogene alikuwa mstari wa mbele akifuma soksi. Verna aliongoza kikao kama anavyoongoza kila kikao, kwa haki na kwa saa, kila mtu akapewa dakika zake. Orville alipoinuka, alimwita kama alivyowaita wengine: "Bwana Brekke."

"Asante, Bi Mwenyekiti," Orville akajibu, naye hakutabasamu. "Sina mengi. Mmesema boila haiwaki. Mimi nimekamua ng'ombe kwenye zizi lisilo na boila tangu nikiwa mtoto. Fungueni mlango, tutavaa makoti. Boila mtengeneze mkiweza. Lakini msituambie tutaona. Tumeshaona."

Ukumbi ulinguruma. Kura zikapigwa, na Verna alishindwa kwa kura moja. Yeye mwenyewe alipiga kura ya kufunga, mkono juu, uso mkavu, akayatangaza matokeo kwa sauti iliyo wazi, akagonga nyundo na kuita ajenda inayofuata, iliyohusu takataka.

Kwa hiyo maktaba ilifunguliwa kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya mwisho wa Novemba, na ndani palikuwa na baridi ya kutoa mvuke mdomoni. Imogene alirudishwa kazini. Aliuliza kama atapewa maandishi ya kumwomba radhi, akaambiwa hapana, akasema basi na yeye hatoi maandishi ya kushukuru. Saa ya hadithi watoto walivaa kofia na glavu, na ilibidi wawe wanasaidiana kufunua kurasa. Boila ilitengenezwa baada ya mwaka mpya na fundi kutoka mbali ambaye alisema tatizo lilikuwa dogo. Hatukufurahi kulisikia hilo.

Verna alirudi kwa kaka yake Alhamisi moja ya Desemba. Orville mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Verna aligonga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa mezani mahali pake, akavuta rundo la barua kwa mazoea, kisha mikono yake ikasimama juu ya barua hizo. Orville alizichukua polepole. Akafungua ya juu, akasoma kwa sauti, ilikuwa ya ushirika wa maziwa, ndefu na ya kuchosha.

"Umeruka mstari," Verna akasema.

"Niliuona. Hauna maana."

Verna alikaribia kucheka, akajizuia. Alitazama mikono yake. "Sasa mimi nitakuwa nakuja hapa kufanya nini?"

"Kunywa kahawa," Orville akamwambia. "Kama watu wengine wanaotembelea ndugu zao."

Akamimina. Verna akanywa. Hawakuzungumza kuhusu maktaba, maana walijua wangegombana, na kweli masika Verna alileta tena barazani hoja ya kuifunga, na Orville akaja tena kumpinga, akiwa na karatasi yake aliyoiandika mwenyewe na kuisoma bila kukwama popote. Safari ile Verna alishindwa kwa kura nyingi.